Antena ya umeme ya Land Cruiser inayokwama njiani: isafishe na uifungue kabla ya kuitupa

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Land Cruiser VX ya mwaka 1994, niko Tanga. Nikiwasha redio, antena inapanda kama shibiri moja, inalia tak-tak-tak, kisha inanyamaza. Nikizima, siku nyingine inarudi yenyewe, siku nyingine naisukuma kwa mkono. Fundi wa umeme aliyeiangalia anasema mota imekufa, niing'oe nibandike ile antena ya umbo la pezi la papa. Mpya kamili bei yake haishikiki. Je, hii haitengenezeki?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Inatengenezeka, na mota yako haijafa. Mota iliyokufa hailii. Huo mlio wa tak-tak-tak ndio unaosema ugonjwa uko wapi, kwa hiyo tuanzie hapo kabla ya kushika spana.

Ndani ya kile kikopo kilichojificha kwenye fenda kuna mota ndogo ya volti 12, gia ya skrubu, gia kubwa ya plastiki, na kamba ya nailoni yenye meno upande mmoja iliyojiviringisha ndani ya ngoma. Kamba hiyo inapita katikati ya mirija yote ya fimbo mpaka juu kabisa, ambako imebanwa kwenye kile kijiti chembamba cha mwisho. Mota ikizunguka, gia inauma meno ya kamba na kuisukuma juu, na fimbo inafunguka mrija baada ya mrija. Fimbo ikifika mwisho au ikigoma katikati, klachi ndogo ya humo ndani inateleza ili mota isiungue. Kuteleza huko ndiko kunakolia. Maana yake ni kwamba umeme upo, mota ina nguvu na kamba bado haijakatika. Kilichogoma ni fimbo.

Kwa hiyo acha kuwasha na kuzima ukitumaini itakubali. Klachi ikichoka, meno ya gia huanza kurukia meno ya kamba na kuyanyoa, na hapo tatizo la kusafisha linakuwa tatizo la kununua. Na usiisukume tena kwa mkono. Gia ya skrubu huizungusha gia kubwa, lakini gia kubwa haiwezi kuizungusha skrubu. Ukisukuma fimbo chini, ngoma haizunguki hata kidogo. Kinachotokea ni kamba kujikunja ndani ya mrija kama uzi wa kushonea uliosukumwa kwenye tundu la sindano. Nailoni ya miaka 30 ikikunjwa hivyo mara chache inakatika.

Kwa faida ya wenye antena yenye dalili nyingine: ikiwa kimya kabisa, tafuta kwenye fyuzi, waya na mota. Mota ikilia nyepesi, bila mzigo, na fimbo haitikisiki, kamba imekatika au gia imenyolewa meno. Inapanda vizuri lakini haishuki ukichomoa funguo, basi umeme wa kudumu haufiki. Mota ikilia bila kukoma, swichi ya kikomo (inayozima mota fimbo ikifika mwisho) au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) imenata. Chomoa fyuzi usiku huohuo, la sivyo asubuhi utasukuma gari.

Anza na fimbo

Hapo Tanga una maadui wawili, vumbi na chumvi ya bahari. Vinaingia kwenye nafasi nyembamba kati ya mrija na mrija, na mtu akipaka grisi juu yake ndiyo anamaliza kazi: grisi inashika vumbi na kuwa msasa. Fimbo ya antena haipakwi grisi kabisa.

Mwambie mtu akae ndani awashe redio. Wewe shika kijiti cha juu, vuta kwa upole kuelekea juu wakati mota inasukuma. Hapo unaisaidia, huilazimishi. Ikifika juu yote, chomoa fyuzi ya antena au plagi yake ili ibaki imesimama. Chukua kitambaa cha pamba chenye mafuta ya taa, futa mrija mmoja mmoja ukianza na ule mwembamba wa juu. Kaa zaidi kwenye maungio, pale mrija unapoingia kwenye mwenzake, kwa sababu huko ndiko uchafu mweusi unakojikusanya kama pete. Ukucha uliofunikwa kitambaa unafika mahali ambapo brashi haifiki.

Ukimaliza mafuta ya taa, futa kwa spiriti, kisha weka mafuta ya cherehani: tone moja kwa kila mrija, sambaza, halafu futa mpaka uone kama hakuna kitu. Rudisha fyuzi, ishushe, ipandishe, ifute tena. Kila mara inatoka na weusi mpya wa ndani. Rudia mara tano au sita, ukiiacha dakika moja kati ya mzunguko na mzunguko maana mota hizi hazikuundwa kufanya kazi mfululizo na zinapata moto haraka. Usitumie msasa kwenye kromu. Ukiitoboa, kutu itaanzia chini yake na mrija utavimba, kisha hautaingia popote.

Kama baada ya kusafisha bado inagoma palepale, angalia kama imepinda. Simama mbele ya gari, funga jicho moja, itazame kama mtu anayekagua mbao. Pindo la taratibu unaweza kulinyoosha kwa vidole gumba viwili, kidogo kidogo, mrija ukiwa umetoka wote. Pindo kali lenye kona halinyooshwi. Hapo bomba limebonyea na halitakuwa duara tena. Chanzo huwa ni tawi la mwembe, mlango wa gereji, au brashi ya kuoshea gari, na mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, riboni za harusi. Msafara wa harusi ukifunga maua kwenye antena, halafu dereva akazima redio ili asikie matarumbeta, kazi imekwisha.

Fimbo mpya bila kung'oa mota

Ikiwa fimbo imebonyea, au kamba imenyolewa meno, hununui antena nzima. Fimbo huuzwa peke yake ikiwa na kamba yake, na kwa Land Cruiser hiyo si adimu kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Kirinyaga Road, Nairobi. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha vitu vitatu: unene wa mrija wa chini, unene wa kamba, na idadi ya meno ndani ya sentimita 5. Meno yakipishana hata moja tu katika sentimita hizo, kamba itapanda siku mbili kisha itanyolewa. Muuzaji atakwambia "zote ni sawa". Hesabu mwenyewe.

Kuitoa hakuhitaji kuvua tairi wala kufungua fenda:

1. Redio ikiwa imezimwa, bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya rangi ya fenda kuzunguka nati ya juu, kisha fungua nati hiyo. Kama haina kona za spana bali ina vijitundu viwili, tumia koleo la mdomo mrefu.
2. Mwenzako awashe redio. Mota itaisukuma fimbo yote nje pamoja na kamba yake. Ivute wima, usiilaze, na uangalie meno ya kamba yametazama upande gani inapotoka. Weka alama kwenye ule utepe wa karatasi.
3. Ingiza kamba ya fimbo mpya, meno yakitazama alama ile, mpaka uhisi imegusa gia. Kwa kawaida ni kama sentimita 30 hivi.
4. Mwenzako azime redio. Gia itaanza kuvuta. Wewe iongoze tu, fimbo ikiwa imefunguliwa na imenyooka.
5. Isiposhika, washa redio tena, igeuze kamba robo mzunguko na urudie. Mara ya pili au ya tatu inakubali.
6. Bana nati kwa mkono kwanza, kisha spana kidogo. Pandisha na kushusha mara mbili ili mashine ijue mwisho wake uko wapi.

Mahali panapokosewa ni hatua ya 4. Mtu anaingiza kamba huku fimbo ikiwa imefungwa fupi, kamba inajaa ghafla na kujikunja. Ifungue fimbo yote kwanza.

Je, kamba iliyokatika inaungwa? Usihangaike na gundi. Nailoni haishiki gundi ya kawaida, na hata ikishika, kiungo kinakuwa kinene na kinanasa kwenye gia. Isipokuwa hali moja: imekatika juu kabisa, pale ilipobanwa kwenye kijiti chembamba. Hapo unaweza kutoa kipande kilichobaki kwenye kijibomba kwa kukitoboa taratibu, ukasukuma ncha mpya ya kamba ndani yake na kukibana kwa koleo mahali pawili. Antena itapungua urefu kwa zile sentimita ulizopoteza, basi. Ikiwa antena yako ni ya aina ya zamani zaidi yenye kamba laini isiyo na meno, uzi wa mashine ya kukatia nyasi wenye unene uleule hufanya kazi vizuri. Kwenye gia ya meno uzi huo utateleza tu.

Ukilazimika kuifungua

Kamba ikikatikia chini, kipande kimebaki ndani ya ngoma na lazima ufungue. Toa waya hasi wa betri. Ondoa plastiki ya ndani ya fenda nyuma ya tairi, chomoa plagi ya umeme, waya mnene wa redio, na mpira mdogo wa kutolea maji unaoning'inia chini. Ulegeze ufungio wa chini, kisha nati kubwa ya juu. Kila skrubu ya kikopo iloweshe mafuta ya kulegezea kutu usiku mzima. Vichwa vyake ni laini na vikichunika utamaliza siku kwa drili. Piga picha kila unapoinua kifuniko, hasa mahali zinapokaa washa (pete bapa za chuma) na springi ya klachi.

Ndani utakuta grisi ya kiwandani imegeuka nta ya manjano. Ikwangue kwa kijiti, osha gia kwa mafuta ya taa, zikauke. Petroli acha, inashika moto na baadhi ya plastiki huidhuru. Weka grisi nyeupe ya lithiamu kiasi cha harage kwenye meno ya gia. Kwenye sahani za klachi usiweke kitu: klachi hufanya kazi kwa msuguano, na ukiilainisha, antena itapanda nusu maisha yake yote.

Mota ipime nje, moja kwa moja na betri, ukiweka fyuzi ya ampea 10 njiani. Geuza nyaya, izunguke upande wa pili. Ikiwa inasitasita mpaka uigonge, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha au zimenata kwenye nyumba zake. Saizi halisi ni vigumu kuipata, lakini kaboni kubwa zaidi ya mota ya waipa au ya dirisha husuguliwa kwenye msasa mpaka iingie. Iteleze kwa uhuru lakini isicheze. Shaba inayosuguana na kaboni isafishe kwa msasa namba 600, kisha pitisha sindano kwenye mifereji kati ya vipande vyake, maana vumbi la kaboni likijaa humo linaunganisha kile kisichotakiwa kuungana.

Ukiona bati ndogo ya elektroniki, tazama lehemu za miguu ya rilei kwa kioo cha kukuzia. Ufa wake huonekana kama duara jembamba kuzunguka mguu. Ipashe moto tena na lehemu mpya kidogo. Midomo ya swichi na rilei pitishia ukanda wa karatasi ngumu yenye spiriti. Msasa hapo unakula madini yaliyowekwa juu.

Kuna mahali pa kusema basi: gamba la mota limetobolewa na kutu, nyumba ya gia imepasuka mahali pa kushikia ekseli, au gia kubwa imepoteza meno matatu yanayofuatana. Hapo tafuta iliyotumika, uichanganye na fimbo yako.

Maji ndiyo muuaji

Sababu ya mota hizi kufa si umri. Mvua inateremka ndani ya fimbo kila inaponyesha, na waundaji walijua; ndiyo maana kuna tundu na mpira wa kutoa maji chini. Mpira ukiziba kwa matope, kikopo kinakuwa ndoo. Halafu anakuja mtu anaona maji ndani, anapaka silikoni kila mahali, pamoja na lile tundu. Silikoni paka kwenye ungio la kifuniko tu. Mpira wa maji upulize mpaka hewa ipite, na mdomo wake uelekee chini nje ya chuma, usiishie kwenye kona ya fenda ukaiozesha. Gasketi ya juu ikiwa imekakamaa, kata nyingine kwenye tyubu ya baiskeli.

Unaporudisha, kwangua rangi chini ya kishikio cha juu mpaka uone chuma kinang'aa, paka vaselini kidogo, ndipo ubane. Hapo ndipo antena inapopata ethi yake (muungano na bodi ya gari) kwa redio. Bila hiyo utapata antena inayopanda kwa madaha na redio inayokoroma.

Inapanda, lakini stesheni hazishiki

Chukua multimita, chomoa plagi ya antena nyuma ya redio. Kutoka ncha ya kati ya plagi hadi fimbo: karibu sifuri. Kutoka fimbo hadi bodi ya gari: isipite kabisa. Kutoka ganda la plagi hadi bodi: karibu sifuri. Kipimo cha pili kikikuonyesha kitu, kuna maji au uchafu wa chumvi kwenye shingo ya fimbo. Kausha, safisha kwa spiriti, pima tena.

Urefu nao si wa mapambo. Wimbi la FM kwenye MHz 98 lina urefu wa mita 3 na kitu, na robo yake ni kama sentimita 76. Antena iliyokwama shibiri moja itashika stesheni za mjini, lakini ukitoka kuelekea Lushoto zinaanza kukatika. Pezi la papa linalobandikwa tu juu ya paa, bila kikuza mawimbi ndani yake, halifiki hapo.

Na usimlaumu mgonjwa asiye na ugonjwa: kama redio yako bado ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani, inaishia MHz 90, kwa kuwa FM ya kule ilikuwa ya MHz 76 hadi 90. Kwetu stesheni zinapanda hadi 108. Hakuna antena itakayoziba pengo hilo. Dawa ni ekspanda, yaani kifaa kinachoshusha stesheni za juu ziingie kwenye masafa ya redio yako, inayokaa kati ya waya wa antena na redio, au redio nyingine.

Ukibadilisha redio

Antena inataka umeme wa kudumu, ethi, na ishara kutoka redioni. Nyingine zinadai pia umeme wa swichi ya funguo. Kwenye redio nyingi za dukani waya wa bluu ni wa antena, na wa bluu wenye mstari mweupe ni wa kuamsha amplifaya. Wa bluu mara nyingi unatoa umeme pale tu unaposikiliza stesheni. Ukihamia Bluetooth antena inashuka. Hiyo si hitilafu, na inaipunguzia fimbo vumbi.

Waya huo ni wa ishara tu. Fundi akiuunganisha uendeshe mota yenyewe, redio itaungua. Ukiwa na shaka, weka rilei: waya wa bluu kwenye mguu 86, ethi kwenye 85, umeme wenye fyuzi kwenye 30, na 87 uende kwenye waya wa ishara wa antena. Kosa jingine la kila siku ni ishara kufungwa kwenye umeme wa kudumu. Antena inapanda siku hiyo na haishuki tena, mwenye gari anaambiwa mota imekufa.

Ukishafunga kila kitu, kabla ya kurudisha plastiki ya fenda, shusha antena na mimina maji nusu glasi taratibu kwenye shingo yake. Chuchumaa utazame mdomo wa ule mpira. Maji yakitoka yote ndani ya dakika moja, rudisha plastiki. Yakitoka pungufu, chomoa mpira upulize tena.